Hodi ya Nne

Padri alinipa dakika thelathini, nikatumia karibu saa nzima. Waliokosa kufika siku ile wameniomba niyaandike maneno yangu, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema mbele ya Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu la Anglikana hapa Newala, mwishoni mwa Agosti. Nimeondoa tu pale nilipopotea njia nikaanza kusimulia harusi ya mpwa wangu.

Tumsifu Yesu Kristo. Na wageni wetu mliozoea ile nyingine, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango nawaona pia, na najua kwa nini mmekaa hapo. Leo Jumamosi, mikorosho iko kwenye maua, na salfa haijipulizi yenyewe. Nitajitahidi.

Padri ameniambia nizungumze juu ya kudumu katika maombi. Nilitaka kukataa. Nilimwambia, Padri, mtu wa kusema juu ya maombi awe ameomba akapata, asimame ashuhudie, watu wapige vigelegele. Mimi nina ombi moja ambalo mwezi huu limetimiza miaka 19, na hakuna hapa aliyewahi kuniona nikilishuhudia. Akanijibu, ndiyo maana nimekuita wewe. Basi lawama zote mpelekeeni yeye.

Nianze na hodi. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa Mwislamu. Mnazijua koo zetu hapa: mjomba yuko msikitini, shangazi yuko kanisani, na siku ya sikukuu sinia ni moja. Bibi ndiye aliyenifundisha adabu ya mlangoni. Simama pembeni, usichungulie ndani. Hodi ya kwanza ni ili wakusikie. Ya pili ni ili wajifunge kanga vizuri. Ya tatu ni ili waamue kama wanakutaka. Ukikosa jibu baada ya hiyo ya tatu, geuka urudi ulikotoka, wala usinune. Hodi ya nne, bibi alikuwa anasema, ni ya mdai au ya kichaa.

Adabu hiyo ninayo mpaka leo. Ndiyo sababu Luka sura ya 11 ilinisumbua tangu nikiwa msichana wa mafundisho ya kipaimara. Mtu amepata mgeni usiku wa manane, nyumbani hamna kitu. Anakwenda kwa rafiki yake kuomba mikate mitatu. Ninyi mnaojua nyumba ya chumba kimoja, hebu itazameni nyumba hiyo: mlango umeshakomewa, watoto wamelala wamejipanga mkekani, na ukitaka kufika mlangoni usiku huo lazima umkanyage mtu. Kutoka ndani jibu linakuja: “Usinitaabishe, mlango umekwisha fungwa.” Mtoto wa bibi yangu angekuwa ameshaondoka zamani. Huyu haondoki. Na Bwana Yesu anasema yule wa ndani hatimaye atainuka ampe, si kwa ajili ya urafiki, bali “kwa vile asivyoacha kumwomba.”

Kasisi mmoja aliyesoma Kiyunani aliwahi kunieleza kwamba neno lililoko pale ni kali kuliko hilo letu. Maana yake ni kutokuwa na haya. Yule mtu alipewa kwa sababu ya macho makavu! Watafsiri wetu walikuwa watu wa adabu, naona wakaona aibu kuliweka hivyo kwenye Kitabu. Siwalaumu, walilelewa na mabibi kama wa kwangu.

Lakini Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshalitoboa. Bwana anasema “bisheni, nanyi mtafunguliwa.” Kubisha ni kugonga mlango. Na kubisha, wenzangu, ni nini tena? Mtoto asiyekubali analoambiwa tunamwitaje? Mbishi. Sidhani waliotafsiri walikusudia mambo mawili kwa pamoja, ila nikiusoma mstari huo siwezi kulisikia moja bila la pili. Na Biblia imejaa wabishi. Abrahamu alisimama mbele ya Mungu akapatana naye kama mama anayenunua dagaa: wakiwepo wenye haki 50? Je, 45? 40? Akateremka mpaka 10. Yakobo alishikana na yule mtu usiku kucha akamwambia, “Sikuachi, usiponibariki,” akaipata baraka yake na akaondoka anachechemea. Hana alisali midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani akadhani amelewa. Na yule mama Mkanaani wa Mathayo 15, mwenye binti mgonjwa! Kwanza hakujibiwa hata neno. Kisha wanafunzi wakaomba afukuzwe kwa kuwa anapiga kelele nyuma yao. Kisha akaambiwa si vema kuwatupia mbwa chakula cha watoto. Hesabuni wenyewe, hodi tatu hizo, na ya tatu ni kofi. Akapiga ya nne: hata mbwa hula makombo. Mimi nikisoma pale husimama kidogo nimpe heshima yake.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea njia, na mimi nilipotea muda mrefu. Nitawaeleza jinsi.

Mume wangu alipofariki nilianza kufuatilia mafao yake katika ofisi moja. Siitaji, na walionizungusha pale wengine wameshastaafu, huenda nao wanazungushwa sasa. Nilikwenda mara 14. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nyingine nimekopa. Njoo Jumatano. Mhusika yuko semina. Jalada halionekani. Kulikuwa na kijana wa masijala ambaye alinijua mpaka kanga zangu. Akiniona tu anaanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Mara ya 14 nilikwenda na chakula changu kwenye hotpoti. Nikakaa kwenye benchi linalotazamana na mlango wa mkubwa wao, nikanyamaza. Kila mlango ukifunguliwa, ananiona. Akienda msalani, ananiona. Saa sita nikafungua hotpoti, nikala wali wangu na kisamvu taratibu, nikafunika. Saa nane akatoka akasema kwa sauti, “Huyu mama tena! Jamani mtafutieni jalada lake nipumzike.” Lilionekana ndani ya dakika kumi. Lilikuwa kwenye kabati lile lile lililokuwa nyuma ya kijana yule miezi yote.

Njiani nilicheka peke yangu mpaka abiria wenzangu wakanitazama. Maana yule bwana alikuwa ametamka Luka 18 bila kujua. Kadhi wa mfano ule, “hamchi Mungu, wala hajali watu,” alisema moyoni kwamba atampatia mjane haki yake, “asije akanichosha kwa kuja kwake daima.” Na hapo napo Kiyunani kina utani wake, kwa sababu neno la kuchosha pale ni la mabondia: kumpiga mtu chini ya jicho. Kadhi mzima anaogopa kuvimbishwa jicho na mjane.

Nilipopata mafao yale nikadhani nimejifunza kuomba. Kumbe nilikuwa nimejifunza kukaa kwenye benchi. Kwa miaka mingi nilisali kwa Mungu hivyo hivyo, kama mkubwa wa ofisi aliyelikalia jalada langu, nami kazi yangu ni kumchosha. Nikifunga, nilifunga kumkomoa. Nikikesha, nilikesha ili anione kila akifungua mlango. Na ukiwa unamwona Mungu hivyo, hata akikupa humpendi. Unachukua hundi yako unaondoka.

Rudini kwenye mfano. Bwana Yesu hakusema Mungu ni kama kadhi yule. Alisema: hata kadhi dhalimu amefikia kutoa haki, “na Mungu, je! Hatawapatia haki wateule wake wanaomlilia mchana na usiku?” Ameweka kadhi upande huu na Baba upande ule ili tuone umbali ulioko katikati. Mimi nilisoma miaka yote hiyo nikaona kadhi tu. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyewafundisha watoto wa watu ufahamu!

Basi kama aliyeko ndani si mgumu, kwa nini turudi-rudi mlangoni? Swali hili niliulizwa na binti mmoja wa kidato cha nne, na sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia habari za maji.

Ninyi wasichana mna bomba la jirani, mna visima vya saruji vya kuvunia mvua. Sisi tulikua juu ya uwanda huu wakati maji ni habari nyingine. Tuko juu, udongo ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama yote, na maji yanakwenda kutokea kule chini ya ukingo. Mradi wa kupandisha maji ya bondeni ulianzishwa tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, lakini mashine ikiharibika, na iliharibika, akina mama walishuka. Mnakujua Shimo la Mungu, mnapeleka wageni wakapige picha. Sisi ukingo ule tuliutazama kwa magoti.

Mama yangu aliniamsha saa nane usiku. Unajifunga, unachukua debe na ngata, mnashuka kwa kufuatana, wa mbele ana kandili. Njia imechimbika kama ngazi kwa sababu ya miguu ya waliotangulia. Chini kule mnakuta tayari foleni, na foleni yenyewe si ya watu, ni ya madebe yamepangwa, wenyewe wamelala pembeni na kanga zao. Kisima hakikuwa kisima. Kilikuwa shimo dogo chini ya mwamba, upana wa sufuria ya ubwabwa ya watu sita. Zamu yako ikifika unapiga magoti, unachota kwa kata. Kata ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu inaanza kugusa mchanga. Hapo unaacha. Unakaa. Maji yanajikusanya tena kutoka kwenye mwamba, unayasikia zaidi ya kuyaona. Nilikuwa mtoto, nikakosa subira, nikaanza kukwangua chini kwa kata ili nijaze haraka. Nikapata tope. Mama hakunipiga. Alimwaga lile tope, akasema, “Usikwangue. Maji yanakuja.”

Debe moja lilichukua muda mrefu, na baada yake kuna kupanda. Na kesho yake hivyo hivyo, maana watoto hawanywi maji ya jana yaliyokwisha. Sijawahi kumsikia mama hata mmoja akisema, kisima kinaninyima. Wala hakuna aliyesema, nilikwisha chota wiki iliyopita, kurudi ni kukosa imani. Tulirudi kwa sababu nyumbani kuna kiu na maji yako pale. Ndivyo nilivyomjibu yule binti. Sijui kama aliridhika, kwani alinitazama kama wanavyotutazama tukianza habari za zamani.

Kuna jambo sikumwambia, nalo ni shingo ya mama yangu. Mtu aliyebeba maji miaka 30 unamjua hata akiwa hana kitu kichwani. Anatembea wima, hageuzi kichwa ovyo, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Tulipomvika sanda nilimwona bado ana shingo ile. Nikijiuliza kuomba kwangu kumenifanyia nini mimi miaka hii, nje ya lile ninaloomba, nakumbuka shingo hiyo.

Nipite upesi kwenye jambo la maneno mengi, maana mtanigombeza. Bwana aliyesema tuombe tusikate tamaa ndiye aliyesema “msipayuke-payuke.” Hayapingani. Kukwangua ni kimoja na kusubiri ni kingine. Siku hizi mkesha haujakamilika mpaka spika zifungwe nne zielekee kwa majirani. Mungu hana shida ya masikio, wenye shida ni wale wanaoamka saa kumi kwenda shamba. Na wako wanaouza maombi, chupa ya mafuta bei hii, sadaka ya kufunguliwa mlango bei hii. Nisiseme mengi. Mlango unaofunguliwa kwa bahasha nimeshawaeleza uko wapi, uko kwenye ofisi ile.

Mkitaka kuona kudumu kusiko na kelele, nendeni Ndanda. Ndugu zetu Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza pale 1906, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Majimaji kuteketeza misheni zao za Nyangao na Lukuledi. Kengele inalia, wanaacha jembe au vitabu, wanakwenda kusali zaburi, wanarudi. Kesho tena. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inataka sala iwe fupi na safi. Fupi, halafu urudi. Na huku kwetu Waanglikana habari ni hiyo hiyo. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, wakapiga kambi Masasi. Mwaka huohuo, kule Uingereza, mama mmoja aitwaye Mary Sumner alianzisha umoja huu ambao leo tumevaa sare yake. Hawakujuana, nadhani. Masasi ilivamiwa 1882, watu wakachukuliwa mateka, baadhi ya waliobaki wakahamia huku Newala. Ikachomwa moto 1905. Kila mara walirudi, wakafagia majivu, wakaanza tena Sala ya Asubuhi kwenye ukurasa walioachia.

Sasa nakuja kwenye sehemu ngumu, na naomba wajane wenzangu mnisikilize zaidi.

Bibi yangu hakukosea kabisa kuhusu hodi tatu. Mtume Paulo alikuwa na mwiba mwilini, akamsihi Bwana mara tatu umtoke. Mara tatu, akaacha. Na Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane, Mathayo anasema “akaomba mara ya tatu, akisema maneno yale yale.” Mara tatu, akainuka. Kwa nini hawakupiga ya nne? Mimi naona ni kwa sababu walikuwa wamejibiwa. Paulo aliambiwa, “Neema yangu yakutosha.” Hilo ni jibu. Kule bustanini hatuoni maneno ya jibu, ila tunamwona Bwana akiinuka na kwenda kukutana na waliokuja kumkamata, na mtu haendi hivyo kama hajajibiwa. Hapana nayo ni jibu. Anayeendelea kugonga mlango ambao mwenye nyumba ameshautokea akasema naye, huyo hadumu katika maombi, anakataa kusikia.

Nilimwombea mume wangu miezi saba apone. Mlikuja nyumbani, mnakumbuka. Alfajiri ya siku ile alipokata roho nilijua nimejibiwa, na jibu sikulipenda. Nilikaa muda mrefu sisali, nakuja kanisani nimekaa tu kama mfuko wa korosho. Na katika kipindi hicho watu wawili waliniambia, kwa wema kabisa, kwamba laiti imani yangu ingekuwa kubwa kidogo asingekufa. Nawaomba mbele ya msalaba huu: neno hilo asiambiwe mjane mwingine. Mwana wa Mungu aliomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka. Nani atapima imani yake aione ndogo?

Kwa hiyo kuna kujibiwa hapana, na kuna kutojibiwa bado. Kwa nje vinafanana, na aliyeko nje ya mlango anaweza kuchanganya. Mimi sina kipimo cha kuwapa. Ninachojua, kwa mume wangu mlango ulifunguliwa nikaambiwa. Kwa mwanangu haujafunguliwa. Kuna kimya, na kimya si hapana.

Mnaijua habari yake, sitairefusha. Alikwenda Dar es Salaam kama walivyokwenda vijana wengi wa huku kusini, kuuza vitu mkononi. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Kisha pombe, kisha mambo mengine niliyoyasikia kwa watu, kisha simu ikanyamaza. Mwaka juzi iliingia elfu kumi kwenye simu yangu, kutoka namba nisiyoijua, jina lake. Bila ujumbe. Nikapiga mara nyingi, haipatikani. Eliya alipoomba mvua alimtuma mtumishi wake mara saba kutazama baharini, na ya saba akaona wingu dogo kama mkono wa mtu. Sijui nami niliona wingu au niliona elfu kumi tu. Niliinunulia sukari, nikalia.

Mtakatifu Monika tunayemkumbuka mwezi huu, tarehe 27 kwa kalenda nyingi, alikuwa mama wa Kiafrika, wa kaskazini kule ambako leo ni Algeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa 354, alikuwa na akili nyingi na mwendo mbaya. Monika alimlilia miaka na miaka. Alimfuata askofu mmoja akamsumbua aongee na mwanawe, mpaka askofu akachoka, akamwambia nenda zako, haiwezekani mwana wa machozi haya akapotea. Tunapenda kulinukuu neno hilo bila kusema kwamba lilitoka kwa mtu aliyechoka kusumbuliwa! Lakini ninalolipenda zaidi ni lile la Karthago. Augustino alitaka kusafiri kwenda Roma, mama akamshikilia asiende. Akamdanganya, akamwacha akisali usiku katika kanisa dogo karibu na bandari, mwenyewe akapanda jahazi akaondoka. Asubuhi mama anatoka, hamna jahazi. Usiku mzima aliomba mwanawe asisafiri, na alisafiri wakati yeye yuko magotini. Augustino mwenyewe baadaye aliandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa anaomba siku zote, kwa sababu safari ile ndiyo iliyomfikisha Milano kwa Askofu Ambrosi, aliyembatiza Pasaka ya 387. Monika alifariki mwaka uo huo. Alikiona, akafa. Wako wasiokiona, na sisemi kwamba mimi nitakiona.

Mtaniuliza naomba vipi miaka 19. Naomba vibaya. Naamka saa kumi na moja, kabla ya kuwasha moto, nakaa kwenye kigoda jikoni, nasema jina lake la ubatizo. Basi. Siku nyingine naongeza Baba Yetu, siku nyingine naongeza malalamiko. Zamani nilikuwa nampangia Mungu: amrudishe, aoe, ajenge hapo kando. Sasa nimebaki na jina. Maji ya kata ya tatu, nikizidisha nakwangua tope.

Na msidhani sijawahi kuacha. Kuna mwaka niliacha miezi minne. Sikumwambia mtu. Nilikuja kwenye mikutano yetu, nikaimba, nikapika chai, nikarudi nyumbani bila kutaja jina lile. Siku moja, tukiosha vikombe, mama mmoja mzee, ameshatangulia mbele za haki, akaniuliza, “Hivi mwanao yule anazaliwa mwezi gani? Maana nikifika kwake kwenye sala zangu nataka nimweke na siku yake.” Nilikishika kikombe nisikiangushe. Kumbe miezi minne yote ambayo mimi mzazi nilikuwa nimeacha, yeye hakuacha. Hakuwa ndugu yangu, wala sikumbuki kama niliwahi kumwomba.

Pale kisimani mtu akizidiwa, akiwa na mtoto mchanga au homa, alikuwa anaondoka na kwenda kulala, na debe lake linabaki kwenye foleni. Zamu yake ikifika, aliye nyuma yake alilisogeza mbele. Hakulijaza la kwake akalipita. Alilijaza lile kwanza.

Padri, najua muda umekwisha, nimeona unavyotazama saa. Nimeomba ruhusa ya jambo moja kabla ya chai. Tutapiga magoti, wenye magoti mabaya mkae. Kila mwenye jina analolibeba alitaje kwa sauti aliye jirani yake asikie, bila kueleza habari zake. Jirani alishike. Nitaanza mimi, na wangu mnamjua.